Mwongozo kamili: kumtumia mtu faili moja kwa moja bila kujulikana nani katuma

Naandika hii kwa sababu watu wanakwama palepale kila siku. Mtu ana picha za mikoko iliyokatwa, au nakala za karatasi za shamba la ukoo, au rekodi ya mkutano wa wavuvi, anataka zimfikie wakili ama mwandishi wa habari bila jina lake kutokea popote, anaweka VPN ya bure kwenye simu (programu inayopitisha mtandao wako kwa kampuni nyingine), anatuma, basi anadhani ameshajificha. Na hapa Amu (Lamu) kila mtu anamjua mwenziwe, ukijulikana umejulikana mpaka Faza.

Shika jambo moja kabla hujagusa chochote. Faili inakusaliti kwa njia tatu: njia inayopita kwenye mtandao, maandishi yaliyojificha ndani ya faili yenyewe, na mazoea yako wewe, yaani namba yako ya simu, saa uliyotuma, watu uliowaambia. Wengi wanaziba ile ya kwanza tu, na kuziba njia ya mtandao huku picha ina GPS ndani ni kama kujitanda buibui mpaka macho halafu ukajitaja jina kwa sauti.

## Vitu utakavyohitaji

- Laptopu yako mwenyewe, iwe Windows, Mac au Linux. Isiwe ya ofisini wala ya saiba.
- Tor Browser, kutoka torproject.org tu. Ni kivinjari kinachopita kwenye Tor, mtandao wa mashine nyingi unaoficha IP yako, yaani anwani yako ya mtandaoni.
- OnionShare, kutoka onionshare.org tu. Ndiyo ya kutuma faili kutoka laptopu hadi laptopu kupitia Tor. Ni ya bure.
- ExifTool, ya kusafisha picha. Nayo ni bure.
- Signal, programu ya ujumbe wa siri, kwenye simu, wewe na mpokeaji wote wawili.
- Bando la kutosha. Faili za MB 500 zitakula MB 500 zako na MB 500 za mwenzio, na ziada juu yake, kwa hivyo usianze na bando linalokaribia kuisha.
- Chaji imejaa, manake stima ikikatika katikati na laptopu ikazima, kazi inaanza upya.
- Mpokeaji mwenye laptopu na Tor Browser, awe hewani wakati mmoja na wewe.

Hilo la mwisho ndilo wengi hawalielewi. Hapa hakuna seva ya katikati inayokuhifadhia faili mpaka mwenzio aamke, ni laptopu yako na laptopu yake tu, na ndo uzuri wenyewe, hakuna kampuni iliyoshika nakala.

Kama jambo lako ni zito kweli, la kuhatarisha kazi au maisha, usitumie Windows yako ya kila siku. Tafuta fleshi ya GB 8 au zaidi, weka Tails, mfumo wa bure unaokaa kwenye fleshi badala ya Windows, washa laptopu kutoka kwenye hiyo fleshi. Tails inapitisha mtandao wote kwenye Tor, OnionShare imo ndani tayari, na ukizima mashine haibakishi kumbukumbu.

## Hatua ya 1: Achana na torenti juu ya Tor

Naanza na hili kwa vile kila nikisema faili na kujificha mtu ananijibu "si naweka tu torenti ipite kwenye Tor". Usifanye hivo.

Torenti, ile njia ya watu kugawana faili kipande kipande wenyewe kwa wenyewe, inafanya kazi kwa kujitangaza. Programu yako inaiambia traka, seva inayowaunganisha wenye faili, "mimi niko kwenye IP hii, mlango huu, nina vipande hivi", na traka inawapa anwani yako wote wanaotafuta faili hiyo. Bila huko kujitangaza, faili haisogei. Sasa ukiilazimisha ipite Tor, programu zingine zinaandika IP yako halisi ndani ya ujumbe wenyewe, ujumbe unapita Tor vizuri kabisa na unafika ukiwa na anwani yako ndani. Juu ya hayo, ule utafutaji wa wenzio bila traka (DHT) unatumia UDP na Tor inabeba TCP peke yake, hizo ni namna mbili tofauti za kusafirisha data, kwa hivyo sehemu hiyo inaweza kutoka nje moja kwa moja. Watu wa Tor wenyewe walionya juu ya hili tangu 2010, na unaulemeza mtandao ambao wengine wanautegemea.

Kuna wengine wanasema "mimi natumia bando la simu, IP yangu tunagawana na watu kibao". Ni kweli, kampuni za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, lakini kampuni ndiyo yenye uwezo wa kujua nani alikuwa nyuma yake saa ngapi, na laini yako umesajili kwa kitambulisho. Aliye nje haoni jina lako, aliye ndani analo.

## Hatua ya 2: Safisha faili

Hapa chukua muda wako. Ndipo watu wengi wanaponaswa, na wala si kwa sababu ya mtandao.

Fungua folda mpya, ipe jina lisilosema kitu, mfano "a1". Nakili humo faili unazotaka kutuma. Zile za asili usiziguse, zibaki zilipo.

Picha. Ukiipakua ExifTool ya Windows inakuja na jina exiftool(-k).exe, libadilishe liwe exiftool.exe, na ile folda ya exiftool_files inayokuja pamoja usiitenge nayo, vyote viwili vitie ndani ya folda yako. Fungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri (Command Prompt) ukiwa ndani ya folda yako, halafu andika:

exiftool picha.jpg

Soma kinachotoka, usipite haraka. Utaona aina ya simu, tarehe na saa mpaka sekunde, na kama simu ilikuwa imewashwa lokesheni utaona mstari wa GPS Position. GPS ya simu ukiwa mahali peupe inakosea mita chache tu, inatosha kuonyesha umesimama kwenye gati la Mokowe au kwenye dari ya nani pale Mkomani. Sasa futa:

exiftool -all= -overwrite_original *.jpg

Usiache hayo maneno -overwrite_original. Ukiyaacha, ExifTool inakuwekea nakala ya zamani pembeni, jina lake likiishia na _original, ikiwa na GPS yake yote, na mtu akizoa folda nzima kutuma anatuma na ile nakala chafu.

*Imefaulu ukiona:* ukiandika tena exiftool picha.jpg inabaki mistari ya faili lenyewe, kama jina, ukubwa, aina, tarehe za faili kwenye kompyuta yako na upana wa picha, hakuna GPS wala jina la simu. Picha zingine zitalala ubavu, usishtuke, ile alama ya kusimamisha picha nayo imefutwa.

Video. Simu nyingi zinaandika GPS kwenye video pia. Kama una ffmpeg, programu ya bure ya video:

ffmpeg -i zamani.mp4 -map_metadata -1 -c copy mpya.mp4

Halafu kagua ile mpya kwa ExifTool. Sauti iliyomo ndani hakuna programu itakayokusaidia, ukijisikia unaongea, ikate au itume bila sauti.

PDF na Word. ExifTool usiitegemee kwa PDF. Inafuta kwa juu tu, taarifa za zamani zinabaki ndani na mtu mjuzi anazirudisha. Njia ya uhakika ni kugeuza kila ukurasa uwe picha, hata skrinishoti inatosha, kisha usafishe hizo picha kama nilivyoeleza. Word nayo inabeba jina la mwenye kompyuta na masahihisho uliyodhani umeyafuta. Fanya nayo vilevile.

Majina ya faili. IMG_20250311_101522 inasema tarehe na saa. "WhatsApp Image" nayo inasema tarehe. Zipe namba tu: 01, 02, 03.

Na hapa kuna swali naulizwa sana, la WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida WhatsApp inaibana na GPS inatoka, ukituma kama dokumenti inakwenda na kila kitu. Lakini hata ikitoka, namba yako imekaa pale juu ya picha, kwa hivyo haikufai kwa kazi hii.

Sasa angalia kwa macho. Programu haioni kile unachokiona wewe. Kama picha imepigwa kutoka dirishani na mnara wa msikiti unaonekana upande wa kushoto na tangi la maji mbele, mtu wa mtaa ataijua ni nyumba gani kabla hajamaliza kuiangalia. Kata pembeni. Tazama vioo, vivuli, mkono wako wenye saa, punda wa mtu mwenye alama. Karatasi nayo: kama nakala hiyo walipewa watu watatu peke yao, basi hata ukiituma kutoka mwezini watahesabu watatu. Mashine nyingi za kuchapa rangi za leza zinaweka vidoti vya manjano vidogo mno vinavyosema namba ya mashine na saa, kwa hivyo karatasi iliyochapwa kwa rangi igeuze iwe nyeusi na nyeupe ya kukoza kabla ya kuituma.

Na sura za watu wengine. Mvuvi aliyesimama nyuma hakukuruhusu umtie kwenye jambo lako. Mfiche kwa boksi jeusi, usimtie ukungu, ukungu wakati mwingine unarudishika.

## Hatua ya 3: Washa Tor Browser na uhakikishe

Ifungue, bofya Connect, subiri. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa.

Nenda check.torproject.org. *Imefaulu ukiona* ujumbe wa kukupongeza kwamba kivinjari kinatumia Tor, na IP inayoonyeshwa si yako.

Kampuni ya simu itaona kwamba unatumia Tor, haitaona unafanya nini ndani yake. Kutumia Tor Kenya si kosa, na Katiba ya 2010, ibara ya 31, inakupa haki ya faragha. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo iko palepale, ukisambaza uongo au picha za faragha za mtu, mwongozo huu haukuhusu.

Usiingie Facebook wala barua pepe yako humo ndani. Ukiingia kwa jina lako umejitambulisha mwenyewe.

## Hatua ya 4: Tayarisha OnionShare

Fungua OnionShare, bofya Connect to Tor. Ikishika, chagua Share Files, buruta mafaili yako uyatie ndani.

Utaona viboksi vya kuweka alama. Viwili ndivyo vya kuangalia.

Cha kwanza ni kile cha kusimamisha baada ya faili kutumwa. Kiache na alama kama unamtumia mtu mmoja, akishapakua mlango unajifunga wenyewe. Kama mtandao wa mwenzio ni wa kusuasua na faili ni kubwa, kitoe alama, ili aweze kupakua moja moja, ikikatika moja zile nyingine ziko salama.

Cha pili ni kile cha kuifanya iwe ya wazi kwa wote. Usikiguse. Kikiwa hakina alama, OnionShare inatengeneza ufunguo wa siri, bila huo hata mtu akiipata anwani haingii.

Faili kubwa igawe. Tor ina mwendo wa pole, faili moja nzima ya GB 2 kwa bando la jioni Langoni utakutoa machozi. 7-Zip, programu ya kubana faili, inakata vipande vya MB 100, na ukiwa hapo weka na paswadi.

Bofya Start sharing. *Imefaulu ukiona* anwani ndefu ya herufi na tarakimu 56 inayoishia na .onion, na chini yake ufunguo.

Huhitaji kufungua mlango wowote kwenye rauta wala kumpigia mtu wa mtandao. Laptopu yako ndiyo inayotoka kwenda kwenye Tor, kila upande unapita mashine zake tatu kisha mnakutana katikati, kwa hivyo wewe huoni IP ya mpokeaji na yeye haoni yako. Hata kwa hotspoti ya simu inafanya kazi, pale ambapo torenti mara nyingi ingepata taabu kutoa kipande.

## Hatua ya 5: Mpelekee anwani na ufunguo

Anwani tuma kwa Signal, na uweke ujumbe ujifute wenyewe baada ya muda. Ufunguo tuma kwa njia nyingine, au uusome kwa simu ya Signal taratibu, herufi kwa herufi.

Ndani ya Signal nenda kwenye faragha, kwenye namba ya simu, chagua kwamba asiione mtu, kisha jitengenezee jina la mtumiaji lisilofanana na lako. Tumia hilo kumfikia mpokeaji. Kama humwamini hata yeye akujue, usianze kutoka kwa namba aliyonayo tayari.

Usiweke anwani kwenye grupu. Hata grupu la watu watano wa kuaminika, sijui mmoja kamwachia simu nani.

## Hatua ya 6: Usiondoke kwenye laptopu

Mpokeaji abandike anwani kwenye Tor Browser ya laptopu, kitatokea kiboksi kinachoomba ufunguo, aubandike, apakue. Kwenye upande wako utaona mstari wa maendeleo unasogea.

Hapa watu wanakwama kwa vitu vidogo. Laptopu ikilala mlango unafungwa, kwa hivyo ingia kwenye setingi za umeme na uizuie isilale, na usifunge kifuniko. Usifunge dirisha la OnionShare. Simu uliyoitumia kama hotspoti usiipokelee simu kama mtandao wako unakata data ukipigiwa.

Kama mwenzio anaona "haipatikani", mwambie asubiri dakika mbili tatu ajaribu tena, anwani mpya inachukua muda kusambaa. Bado haifunguki, mwulize kama ameifungua kwenye Chrome. Mara nyingi ndo hivo.

*Imefaulu ukiona* kwenye historia ya OnionShare imeandikwa faili imekamilika, na mwenzio amethibitisha inafunguka.

## Hatua ya 7: Funga na ufagie

Simamisha, funga OnionShare, funga Tor Browser. Futa ile folda "a1" na uondoe kwenye pipa la taka. Kwenye fleshi na diski za SSD kufuta kwa kawaida hakufuti kabisa, kwa hivyo kama ni jambo zito, ungetumia Tails tangu mwanzo.

Usipige picha saa nne na kuituma saa nne na nusu. Acha siku zipite, ili muda wa kutuma usifuatane na muda uliokuwa pale. Na usimwambie mtu, hata yule rafiki wa barazani.

## Kama mwenye faili ana simu tu

Hii ni ya wazee wetu na wavuvi, wengi hawana laptopu. Geuza kibao: mwenye laptopu ndiye afungue OnionShare, achague Receive Files badala ya Share. Kwa hii, weka alama kwenye kile kiboksi cha wazi kwa wote, ili asipate taabu ya kubandika ufunguo kwenye simu. Anwani yenyewe ndiyo inakuwa siri, mpe yeye peke yake.

Yeye anaweka Tor Browser ya Android, anafungua anwani, anachagua picha, anatuma. Msaidie kwanza kuzima lokesheni kwenye kamera kabla hajapiga picha, na zilizopigwa tayari zisafishwe na wewe mpokeaji kabla hazijaenda kwa mtu wa tatu.

Wewe mpokeaji usifungue kila kinacholetwa. Dokumenti usiyoijua ipitishe kwenye programu ya Dangerzone, inaigeuza kuwa picha tupu kisha PDF mpya, virusi vikiwemo vinabaki nje.

## Kama unataka kuwagawia watu wengi

OnionShare ni ya mtu mmoja au wachache. Kama ni kitu cha wazi, tuseme rekodi za maulidi ulizorekodi mwenyewe, na unataka watu wagawane wenyewe, torenti inafaa ila kwa masharti.

Lipia VPN, za bure zingine zinaishi kwa kuuza taarifa zako. Kumbuka kampuni ya VPN inajua IP yako, na ukilipa kwa M-Pesa namba na jina vimekwenda pamoja. Kwa qBittorrent, programu ya torenti, ingia setingi za Advanced, kwenye Network interface chagua ile ya VPN peke yake. Hapo VPN ikikatika torenti inasimama, haimwagiki kwenye laini yako.

Jaribu: pakua kitu halali, kama Linux, kisha izime VPN ghafla. *Imefaulu ukiona* mwendo umeshuka mpaka sifuri na haurudi mpaka uiwashe. Tovuti ya ipleak.net ina linki ya sumaku (magnet link) unayoiweka kwenye programu ya torenti, inakuonyesha IP wanayoiona wenzio. Ikitokea yako ya kweli, usiendelee.

Anayetaka torenti bila VPN kabisa aangalie I2P, mtandao mwingine wa kujificha kama Tor. Ina programu yake ya torenti, i2psnark, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, faili zinazunguka ndani ya mtandao wao tu. Ni ya pole, na wa kugawana nao ni wachache.

## Tor ikikataa kabisa kushika

Angalia saa ya laptopu kwanza. Ikiwa imekosea sana, Tor haishiki, na laptopu zilizokaa bila chaji muda mrefu saa zao hupotea.

Saa ikiwa sawa, ingia setingi za Connection kwenye Tor Browser, chagua bridge, yaani mlango wa pembeni wa kuingilia Tor, ile ya Snowflake, jaribu tena. Ikishindikana, weka obfs4. OnionShare nayo ina sehemu hiyohiyo kwenye setingi zake za Tor, na lazima uiweke huko pia, ile ya kwenye Tor Browser haiisaidii.

Waifai ya hoteli ya Shela inayoomba namba ya chumba, ingia kwanza kwa kivinjari cha kawaida mpaka ikuruhusu, ndipo ufungue Tor. Ila kama namba ya chumba ni yako, hoteli ina rekodi kwamba chumba hicho kilikuwa hewani saa hiyo, kwa hivyo kwa kazi hii bora hotspoti.